Kuku wa Mpira Bado Hajachuja

Shujaa wa The Secret of Monkey Island ana kipaji kimoja tu: anaweza kubana pumzi chini ya maji kwa dakika 10. Mengine yote yanamshinda. Anaitwa Guybrush Threepwood, na anatua kisiwani Mêlée usiku bila upanga, bila meli na bila senti, akimtangazia kila anayekutana naye kwamba anataka kuwa haramia. Mchezo huu wa kompyuta ulitolewa mwaka 1990 na Lucasfilm Games ya Marekani, chini ya Ron Gilbert akisaidiana na Tim Schafer na Dave Grossman, na uliuzwa kwenye disketi. Kila ukitajwa, swali huwa lilelile: je, bado unachezeka, au wanaousifu wanasifu ujana wao tu? Naona unachezeka, tena vizuri kuliko michezo mingi iliyoufuata. Haudumu kwa ajili ya picha, wala hadithi, ambayo ukiisimulia kavukavu ni ya kawaida mno: kijana, gavana aitwaye Elaine Marley, na mzimu wa haramia LeChuck anayemtaka gavana huyohuyo. Unadumu kwa sababu umejengwa juu ya mikosi midogo midogo, na waandishi wake waliamua kwamba mkosi uchekeshe badala ya kuadhibu.

Uamuzi huo haukuwa wa kawaida siku zile. Michezo ya aina hii ilikuwa na tabia ya kumwua mchezaji kwa kosa la kupita karibu na ngazi. Mbaya zaidi, ilimwacha hai akidhani mambo yanaenda sawa. Katika King's Quest V, iliyotoka mwaka huohuo wa 1990, mfalme Graham anashikwa na njaa milimani. Mchezaji mwenye huruma anampa pai aliyonayo mfukoni. Njaa inaisha, safari inaendelea. Kisha linatokea jitu la theluji ambalo dawa yake pekee ni kutupiwa pai usoni. Pai imekwishaliwa, na kama hukuhifadhi mchezo kabla ya mlo ule, unarudi mwanzo. Gilbert alikuwa ameandika makala mwaka 1989 akilalamikia mambo kama hayo, na mwaka uliofuata akaonyesha kwa vitendo alichokuwa anamaanisha.

Kwake, Guybrush hafi. Akisimama ukingoni mwa jabali fulani, udongo unamomonyoka, anaporomoka, na linajitokeza dirisha la kumwambia mchezaji kwamba amekufa na achague kuanza upya au kuacha. Kabla hujamaliza kulaani, shujaa anarushwa juu kutoka bondeni na kutua palepale alipokuwa, akieleza kwamba chini kuna mti wa mpira. Mahali pekee pa kufa kweli ni chini ya bahari, anapotupwa akiwa amefungwa kwenye sanamu nzito. Pembeni yake kumetapakaa visu, panga na mikasi, vyote hatua moja mbele ya mkono. Suluhisho ni kuiokota sanamu yenyewe na kutembea nayo hadi juu. Asiyeling'amua hilo kwa dakika 10 kamili anaona amri zilizo chini ya skrini, zile za kufungua, kusukuma na kuokota, zikigeuka kuwa za kuelea, kuvimba, kukodoa macho, kuoza na, kwa mwenye fedha, kuagiza kitabu cha madokezo. Waandishi walitunga kichekesho kwa ajili ya mtu atakayezubaa dakika 10 nzima, na huyo ni mmoja katika wengi. Uangalifu wa namna hiyo hauchakai.

Mfano mkubwa zaidi ni mapigano ya panga. Huko Mêlée anayeshinda si mwenye mkono mwepesi, ni mwenye ulimi mkali. Maharamia wanarushiana vijembe, na kila kijembe kina jibu lake moja linalokata. Tatizo ni kwamba hakuna anayekufundisha majibu. Unarushiwa kijembe, unababaika, unashindwa, lakini kijembe kile sasa ni chako. Unamrushia haramia mwingine, anakujibu sawasawa, unaaibika tena, ila na jibu umelipata. Njia ya kufika kwa bingwa wa upanga ni kupigwa mipasho na kila mpita njia mpaka uive. Na mwishoni, LeChuck anamtwanga Guybrush ngumi zinazomrusha huku na huko kisiwani, na ni ngumi hizohizo zinazomfikisha kwenye kinywaji kitakachoumaliza mzimu. Kipigo ndicho nauli.

Mikosi mingine tunaifahamu bila kuwa maharamia. Yupo Stan, dalali wa meli za mtumba, mwenye koti la drafti na mikono isiyotulia, anayekuuzia vikorombwezo usivyovihitaji hadi ujifunze kusema hapana. Ipo pombe ya grog, kali kiasi cha kuyeyusha kufuli la jela, lakini inayeyusha pia kikombe kilichoibeba, hivyo unatoka baa mbio ukiihamisha kutoka kikombe hadi kikombe ili ifike kabla ya kumwagika. Mapishi yake yanataja mafuta ya taa na asidi ya betri. Mwaka 2009 kituo cha televisheni cha C5N cha Argentina kiliwatahadharisha watazamaji kuhusu pombe hiyo kana kwamba vijana wanainywa kweli. Kichekesho kinachoweza kukifanyia hivyo chumba cha habari miaka 19 baada ya kutungwa, kukiita kizee ni kukionea.

Wapo watakaosema picha zimepitwa. Zilianza na rangi 16, zikapanda hadi 256, na mwaka 2009 mchezo ukachorwa upya na wahusika wakapewa sauti. Katika toleo hilo jipya unaweza kubonyeza kitufe na kurudi kwenye sura ya zamani papo hapo, na hapo ndipo hoja ya picha inapodhoofika, maana sura mpya imempa Guybrush nywele zinazodhaniwa kumiminwa kwenye kalibu. Zaidi ya hayo, tukio zuri kuliko yote halionyeshwi kabisa. Guybrush anapoingia kuiba katika jumba la gavana, anapotea nyuma ya ukuta, vishindo vinasikika, na mchezaji anabaki akisoma amri zinazojiandika zenyewe chini ya skrini: anaokota kitu, anasukuma mnyama mkubwa wa kutisha, anapambana na kundi la panya buku na kisha na kundi jingine. Ukuta mtupu hauhitaji kuchorwa upya.

Hoja nzito ni ya mafumbo. Mtu wa leo, anasema mpinzani, hana muda wa kukisia kwamba kuku wa mpira ni chombo cha usafiri. Lakini kuku huyo ana kapi katikati, jina lake kwenye skrini linasema hivyo waziwazi, na kati ya visiwa viwili kuna kebo iliyotandazwa isiyo na kitu cha kuteleza juu yake. Ni upuuzi, ila si dhuluma. Dhuluma ni Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999, inayokutaka utengeneze masharubu kwa manyoya ya paka na shira ili ujifanye mtu ambaye mwenyewe hana masharubu.

Sitatetea kila kitu. Vijembe vikishafika nusu, kumsaka haramia mwenye kile usichokijua kunachosha. Sehemu ya kupiga makasia kuzunguka kisiwa cha Monkey imelegea, na majaribio mengi yenye akili yanajibiwa kwa sentensi ileile ya kukataa. Kipo pia kichekesho kilichokufa kabisa: kisiki msituni kilichomtaka mchezaji aingize disketi ya 22, kisha ya 36, kisha ya 114, wakati mchezo mzima haukufikia idadi hiyo hata kidogo. Watu walipiga simu kwa kampuni kuulizia disketi zilizopungua, na matoleo ya baadaye yakakiondoa.

Kuhusu majibu yaliyojaa intaneti, atakayeyatafuta atamaliza mchezo kwa jioni moja na atakuwa ameruka kila kitu kinachochekesha, kwa kuwa vichekesho vimefichwa ndani ya makosa. Aliyekwama ni afadhali atumie madokezo yaliyomo ndani ya toleo la 2009, ambayo hutolewa kidogo kidogo. Na mwenye mafaili ya mchezo wa asili anaweza kuucheza hata kwenye simu kwa programu ya bure ya ScummVM, mradi awe na subira ya kubonyeza vitu vidogo kwa kidole kinene.