Jina la Faili Mpakani

Juzi hapa Nengo, mpakani, bosi kaniletea faili aliloliita «Ripoti ya mwisho kabisa réunion». Kwenye Windows lilipita bila shida, Windows hiyohiyo isiyotaka hata kusikia alama ya kuuliza kwenye jina la faili. Kufika Linux, amri ikakata jina kila penye nafasi: ikatafuta faili liitwalo Ripoti, hakuna, liitwalo ya, hakuna, liitwalo mwisho, ndiyo kabisa. Kwenye kiungo cha intaneti kila nafasi ikavaa %20, na ile é ikarudi imekuwa Ã©. Bosi, wachuuzi wa mboga wanavuka mpaka wa Petite Barrière kwenda Goma na mizigo kichwani, wanafika. Faili lako limekwama chumba cha pili. Tafadhali, andika ripoti_2.docx.