Jinsi ya Kuendesha Warsha ya Ukili Bila Kusuka Hata Shubiri

Umepata fedha za mradi wa sanaa ya jamii na unataka kufufua usukaji wa mikeka Pemba. Hongera. Kwamba usukaji wenyewe haujafa, hilo lisikutie wasiwasi: umeshauzika kwenye andiko la mradi, sasa ni kuufufua tu.

Anza na bango. Bango ni muhimu kuliko ukindu, kwani ndilo litakaloonekana pichani. Kisha kodi ukumbi wenye kiyoyozi mjini. Barazani ambako kina mama husukia kila siku hapafai, hapana pa kuchomeka projekta.

Ukindu kautafute sokoni asubuhi hiyo hiyo. Watakueleza kuwa hukatwa makuti machanga ya mkindu kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani, yakachanwa, na ya kutiwa rangi yakachemshwa sufuriani. Waitikie tu, ratiba yako ni ya saa tatu. Watakwambia pia uulowanishe kidogo kabla ya kusuka. Thubutu! Zulia la ukumbi je? Ukianza kuwakatikia washiriki vidoleni, andika "changamoto".

Mwezeshaji atoke mbali, tena awe na shahada. Bibi anayesuka tangu utotoni, anayeweza kupiga soga na jirani mchana kutwa bila kuutazama ukili wake, mketishe mstari wa mbele umwite "hazina ya jamii". Hazina hailipwi. Hupewa nauli, soda na fulana isiyomtosha. "Bibi, saini hapa. Na hapa. Na hapa pia."

Ole wako umwachie aonyeshe! Atavua viatu, akae chini, anyooshe miguu. Ukindu ukimwishia atachomeka mwingine, na pa kuunganishia hutapaona hata uvae miwani miwili. Washiriki watashuka vitini wamzunguke, slaidi zako zibaki zikijitazama. Hapo tangaza chai haraka.

Mkeka hautakamilika, usijisumbue. Ukili wa mkeka wa kulalia huhesabiwa kwa pima, na ukishasukwa bado haujashonwa. Nunua uliokwisha tayari, kwa huyo huyo bibi, umlalie bei mpaka achoke, kisha mpe mgeni rasmi aushike mbele ya kamera.

Mwisho ni ripoti. Penye "idadi ya waliofundishwa kusuka", jaza wote waliosaini. Bibi naye mhesabu.