Pesa za Mwanza Zinalala Wapi?

Mch! Hebu tuache kuhesabu ghorofa kidogo. Kila tukikaa kijiweni hapa Mabatini, kahawa haijafika kikombe cha pili, mtu ameshaanza: tajiri fulani kashusha jengo barabara ya Kenyatta, mwenzake kachukua kiwanja Capri Point, mwingine anamwaga zege Buzuruga. Tunabishana nani zaidi, nani kaujenga mji huu. Majengo tunayaona, na tunayafurahia. Swali langu ni jingine: rangi ya mwisho ikishakauka, pesa iliyolijenga lile jengo imelala wapi? Na yule aliyeshika chepe na mwiko kaondoka na nini cha kumpeleka saiti nyingine?

Kwangu mimi, anayeujenga mkoa ni yule ambaye pesa yake ikizunguka inarudi Igoma, inarudi Magu, inavuka maji mpaka Ukerewe. Ghorofa huja baadaye.

Wazee mliopo hapa mnaikumbuka pamba. Vijana, sogeeni, maana habari hii hamwambiwi ipasavyo. Miaka ya 1940 mkulima wa Usukuma alilima, akapalilia, akavuna, akaibeba pamba yake mpaka kwa mnunuzi, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Kilichosomwa ndicho hicho. Mkulima ananung'unika, anarudi nyumbani. Ndipo akatokea kijana mmoja, Paul Bomani, ana miaka ishirini na ushee, akawa katibu wa ushirika wa wafanyabiashara Waafrika wa hapa Mwanza. Yeye na wenzake hawakuanza kwa kudai vinu wala magari. Waliweka watu wao wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi, ili mtu ajue uzito wa jasho lake. Basi. Hapo ndipo palipoanzia kila kitu.

Kutoka kwenye mizani wakaunda vyama vya msingi kijiji kwa kijiji. Bomani akaenda Uingereza, chuo cha Loughborough, kusomea mambo ya ushirika, akarudi, na mwaka 1955 likasimama shirikisho lao, Victoria Federation of Co-operative Unions. Vinu vya kuchambua pamba, ambavyo kabla ya hapo vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara wenye asili ya Asia, wakulima wakaanza kuvinunua na kujenga vyao. Uhuru ulipofika mwaka 1961, shirikisho lile lilikuwa linatajwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Sikilizeni vizuri: Afrika nzima, na makao makuu yake Mwanza, na wenye mali ni watu wa jembe la mkono. Bomani mwenyewe akawa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya nchi hii. Ukiniuliza mfanyabiashara gani alilijenga eneo hili la ziwa, nitaanza na huyo, na hakujulikana kwa ghorofa.

Halafu tukaharibu. Siwezi kuficha. Ndani ya ushirika wenyewe uliingia ubadhirifu, viongozi wakajisahau, na tume ya Rais ya mwaka 1966 ikayasema wazi. Mwaka 1968 serikali ikaingia, jina la shirikisho likawa Nyanza. Mpaka hapo naelewa, mwizi ashikwe. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima kwa tamko, hapo nasonya mpaka kesho! Mtu akiugua unamtibu. Vilipokuja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, kizazi kilichojua kuendesha vinu na kusoma vitabu vya hesabu kilikuwa kimetawanyika. Nyanza iliyorudi ikaishia kwenye madeni na kesi za mali. Majengo ya ushirika hayakwenda popote, mnapita mbele yake kila siku mkienda mjini. Wenyewe ndio hawapo.

Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba jengo ndiyo maendeleo.

Baada ya pamba akaja sangara. Hili nitalipita haraka kwa sababu kila mmoja wenu ana ndugu aliyewahi kufanya kazi kiwandani. Miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilizunguka ufukwe wote, ndege zikabeba samaki kwenda Ulaya, mji ukachangamka. Ulaya ilipofunga mlango mwaka 1997, na tena mwaka 1999, tuliona wenyewe kilichotokea: zamu zikakatwa, wavuvi wakaangaliana. Minofu ilikwenda, mapanki, yaani mifupa na vichwa, yakabaki kwetu. Nyumba nyingi za Kirumba na Nyakato zilijengwa kwa pesa ile, sikatai, na wapo wenyeji waliotajirika. Ila uamuzi wa bei na soko haukuwahi kulala Mwanza hata usiku mmoja.

Wapo waliojaribu njia nyingine, na nawapa heshima yao. Anthony Diallo alianzisha redio hapa hapa, Radio Free Africa, ikasikika mpaka kona ambazo magazeti yalikuwa hayafiki, halafu ikaja Star TV. Watangazaji wangapi wa nchi hii walijifunza kazi Mwanza kabla Dar es Salaam haijawachukua? Christopher Gachuma na Nyanza Bottling yake, soda inajazwa hapa, magari yanapakia hapa. Nyakato Steel wanatoa nondo, fundi wa Buhongwa haagizi kila kipande kutoka pwani. Unaweza kuwa na maneno yako juu ya kila mmoja wao, na kijiwe hiki kina maneno. Lakini hiyo ni mishahara inayolipwa hapa na kutumika hapa.

Sasa tuje kwenye daraja, maana nawaona mnavyonitazama.

Daraja la Kigongo–Busisi, lile la J.P. Magufuli, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Kilomita 3 juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700. Kabla yake mgonjwa wa Sengerema alikuwa akisubiri kivuko, na foleni ikiwa ndefu saa mbili zinakatika akiwa ndani ya gari. Leo ni dakika chache. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayelibeza. Waliolijenga ni kampuni mbili za Kichina, na dereva wetu wa bajaji hapa ananipigia kelele, "Mzee, Mchina anamaliza kazi, hao wazawa wako wangemaliza lini?" Nakujibu kwa heshima, mwanangu. Hakuna kampuni ya Mwanza iliyokuwa na mitambo ya kushusha nguzo kwenye kina kile. Huo ndio ukweli, na Mchina hajatuibia kazi ambayo tungeiweza. Ninachotaka kujua ni hiki: vijana wetu waliosuka nondo pale, wahandisi wetu waliokaa pale miaka mitano, leo wako wapi? Kuna aliyewakusanya? Au kila mmoja kachukua begi lake, mmoja Kahama kwenye migodi, mwingine yuko nyumbani anasubiri simu?

Na reli ni hivyo hivyo. Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, jiwe la msingi liliwekwa Juni 2021 na mkandarasi ni Mchina tena. Na ile meli ya MV Mwanza iliyoundwa pale bandari ya Kusini, ya kubeba abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliyoshushwa majini Februari 2023. Wakorea waliisimamia pamoja na SUMA JKT, na sehemu kubwa ya kuchomelea ilifanyika hapa hapa, mbele ya macho yetu. Mchomeleaji aliyeunga chuma cha meli ya ukubwa ule ni hazina. Huyo si wa kurudishwa kutengeneza mageti ya nyumba.

Mnataka mfano wa mtu aliyeing'ang'ania hazina ya namna hiyo? Nendeni Ilemela, kwenye karakana ya Songoro. Major Songoro na watu wake wanaunda vyombo vya majini papa hapa. Mnakumbuka Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka hatua chache kutoka kisiwa cha Ukara, tukazika zaidi ya watu 200. Kisiwa kile kilihitaji kivuko kipya, na kilichokuja, MV Ukara II, kilijengwa na Songoro Marine, kampuni ya hapa. Mimi hilo lilinigusa kuliko daraja lote. Watu walewale waliolia ufukweni, jirani yao ndiye aliyechomelea chombo cha kuwavusha. Kampuni hiyo imepewa kazi nyingine za TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko, kwenye maji ya nchi hii, za kujenga na za kukarabati. Kivuko kikiharibika unajua mlango wa kugonga, na fundi aliyekiunda unakutana naye sokoni Kirumba.

Karakana ya namna ile haiwezi kuota kwa mwaka mmoja. Mtu anaweka kibarua, kibarua anakuwa fundi, fundi anakuwa msimamizi, na katikati ya hapo kuna miezi ambayo hakuna zabuni na mishahara inadaiwa. Ukikosa kazi mbili mfululizo, mafundi wanaondoka, na wakiondoka huwarudishi kwa tangazo la redioni. Ndiyo maana nasema anayegawa kazi ndiye anayeamua kama mkoa utakuwa na wajenzi au utakuwa na vibarua.

Sheria imejaribu. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake zimesema kazi za ujenzi zisizozidi shilingi bilioni 50 ziende kwa kampuni za Watanzania, na asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee, wenye ulemavu. Zabuni sasa zinapita kwenye mfumo wa NeST, kwenye kompyuta, huhitaji kumjua mtu. Nimeifurahia sheria ile kwa moyo wote. Lakini muulizeni mkandarasi mdogo wa daraja la saba au la sita kinachomtoa jasho. Kushinda zabuni ni nusu ya safari. Benki inataka hati ya nyumba ili impe dhamana. Anaanza kazi kwa pesa ya kukopa, anamaliza hatua ya kwanza, anaandikiwa cheti cha malipo, halafu cheti kinakaa. Riba haikai. Mwaka ukiisha, yule mzawa tuliyempigia makofi anauza gari lake.

Na mzawa naye nimwambie ukweli, maana sikuja hapa kumpamba. Mpwa wangu alichukua sabu (kandarasi ndogo) ya kupiga plasta kwenye jengo moja la mjini hapa. Mwenye kazi ni mwenzetu kabisa, wa hapa hapa, jina silitaji. Kijana alinunua jukwaa, akaajiri saidia fundi, akamaliza ghorofa zake kwa wakati, na mpaka leo anadai. Jengo limefunguliwa, watu wanapanga ofisi, na yeye akipiga simu anaambiwa bosi yuko kikaoni. Mch! Sasa huyo ana tofauti gani na mwenye mizani wa enzi ya pamba? Kuzaliwa hospitali ya Bugando hakukupi ruhusa ya kula jasho la mwenzako aliyezaliwa hospitali ya Sekou Toure.

Halafu kuna mama wa kokoto, ambaye kwenye hotuba zote za maendeleo hayumo. Mji huu umekaa juu ya mawe, kila msingi ni mawe, kila ngazi ya kupanda mlimani ni mawe, na anayeyapasua mengi ni mwanamke aliyekaa chini ya turubai na nyundo, mtoto pembeni. Mwamba unachomwa moto mpaka upasuke, unavunjwa vipande, vipande vinagongwa kimoja kimoja mpaka viwe kokoto. Moshi unaingia kifuani, kipande kinaruka machoni. Anauza kwa ndoo, akipata bahati anauza tripu nzima. Tajiri mwenye ghorofa anapita anachukua kwa mali kauli, "nitakupa mwisho wa mwezi". Ile asilimia 30 ingemfaa huyu kuliko mtu mwingine yeyote, kama kuna ofisa angeshuka kumsaidia yeye na wenzake kusajili kikundi na kumwonyesha NeST inafunguliwaje. Kokoto zake ziko kwenye shule, kwenye zahanati, kwenye barabara za mitaa za kupanda mlimani.

Mtu hapa kaniuliza, haya Mzee, umesonya vya kutosha, unataka nini? Nataka jambo moja tu lianzie hapa Nyamagana na Ilemela. Mkandarasi wa kazi ya umma, awe Mchina, awe wa Dar, awe wa Igoma, kabla hajalipwa cheti chake kinachofuata alete orodha: vibarua, sabu, wauza mchanga na kokoto, na sahihi zao kwamba wamelipwa. Na serikali nayo ilipe cheti kwa siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa saiti, pale pale panapoandikwa jina la mkandarasi na mshauri. Mwananchi akipita aisome.

Mzee mwenzangu wa bao anasema nani atasimamia, ofisa mwenyewe ana maeneo ishirini. Namwambia wakulima wa pamba hawakungoja ofisa. Walichagua watu wao, wanaojua kusoma na kuandika, wakasimama penye mizani. Sisi tuna vijana wamemaliza vyuo, ufundi sanifu, uhasibu, wako hapa wanacheza drafti tangu asubuhi. Watatu wangetosha kwa kata moja. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nitalisimamia hili kwa sauti yangu yote, na mama mmoja wa kokoto ameniahidi atakuja na daftari lake la madeni.