Ukungu wa Kuvunja Kamati

Kamati ya sherehe Dar es Salaam haifi mpaka ivunjwe rasmi, na haivunjwi pakavu. Lazima pawe na mishikaki, salamu za mwenyekiti na video. Mishikaki ilikuwepo. Salamu zilikuwepo kupita kiasi. Video ya sendofu ya binti wa shangazi, niliyokabidhiwa kuihariri kwa sifa moja tu ya kumiliki laptopu, ilipowashwa kwenye televisheni kubwa, bi harusi mtarajiwa akaingia ukumbini kama uji uliovaa taji.

Hapo hapo kamati ikageuka jopo la mafundi. Mweka hazina akasema ni RAM. Hakuulizwa RAM ni nini, na nadhani alishukuru. Mjomba, ambaye zamani alikuwa na duka la redio, akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Uji ukabaki palepale. Shangazi hakutaka habari za waya.

"Baba, hiyo ni husuda. Yule mama wa safu ya mbele sikumpenda tangu anashuka kwenye gari."

Nikafungua laptopu. Ukungu wa kwenye dirisha la kuhariria nilikuwa nimeuzoea, maana programu nimeiagiza inionyeshe robo tu ya ubora ili mashine isihemewe. Hilo haligusi video inayotoka mwishoni. Hata hivyo nikaipandisha hadi ubora kamili. Uji. Nikazima zile nakala nyepesi ambazo programu hutumia kwa muda badala ya faili halisi. Uji. Nikatoa kipande kifupi kwa kiwango kikubwa zaidi cha data kwa sekunde: uji uleule, ila sasa umenenepa na kujaza flashi.

Kumbe mchawi alikuwa meza kuu. Mwenyekiti alishikilia kwamba filamu lazima ifunguliwe na yeye, kwa ile klipu yake ya kukaribisha wageni, aliyojirekodi kwa simu na ambayo ilishazunguka makundi yote ya ukoo kabla ya kunifikia, kila kundi likiimega kidogo. Nayo programu ina heshima za kizamani: klipu ya kwanza kuingia ndiyo inayoweka vipimo vya mradi mzima. Klipu ya mwenyekiti ilikuwa pikseli 640 kwa 360. Kamera za ukumbini zilirekodi 3840 kwa 2160. Pigeni hesabu: pikseli 8,294,400 zimelazimishwa kukaa kwenye nafasi ya 230,400, yaani katika kila 36 imesalia moja, halafu televisheni ikaivuta hiyo moja ijaze ukuta. Bi harusi, wakwe na keki, wote wamepimwa kwa saizi ya mwenyekiti.

Sikulitangaza hilo. Mtu hamwambii mwenyekiti jambo la namna hiyo akiwa bado ameshika maikrofoni.

Nikaanzisha mradi mpya wa 3840 kwa 2160, nikahamishia klipu zote. Kwa kuwa kule zilishapunguzwa, zilitua katikati ya kioo zikiwa vidude vidogo, ikabidi nizirudishe kimo chake moja moja huku mishikaki ikinipita. Nikatoa ufunguzi wa mwenyekiti na kipande cha chakula tu, tukawasha.

Subhanallah! Kila punje ya pilau ilionekana. Ilionekana pia leso ya shangazi, kavu kabisa, akijifuta machozi ambayo hayakuwepo. Mjomba alionekana amelala fofofo wakati mshenga anahutubia. Na nyuma ya ndafu, kwa uangavu ambao hata mahakama ingeridhika nao, mweka hazina alikuwa akifunga paja zima kwenye karatasi ya foili na kulishusha ndani ya koti. Mwenyekiti peke yake, pale mwanzoni akikaribisha wageni, alibaki ukunguni.

Mweka hazina akasimama, akakohoa.

"Ndugu Mwenyekiti, kwa niaba ya wajumbe, naomba ile ya kwanza ndiyo iingie kwenye kumbukumbu za familia."

Shangazi akawa wa kwanza kuunga mkono hoja.