Mheshimiwa Tope

Washairi wa pwani wameisifu bahari mpaka imeota mapembe. Mnazi umepata beti zake, jahazi limepata zake, hata kaskazi haikunyimwa. Sijaona aliyekaa kitako akalisifu tope la mikoko. Kazi hiyo naichukua mimi, ambaye tope lenyewe limenidhulumu kandambili.

Nalisifu kwanza kwa adabu linayofunza watu. Msikitini kuna wanaosahau kuvua viatu, tope halisahau kuwavua. Siku liliponivua mimi nilikuwa Gazi, Kwale, bamvua, maji yamekupwa hadi mbali. Hatua ya tatu nikazama hadi gotini, na nilipouvuta mguu ulitoka peke yake, kwa mlio wa mtu anayefyonza embe. Bibi mmoja aliyekuwa akiokota tondo aliniangalia kwa huruma. "Viatu vya nini huku, mwanangu? Tope laingiwa miguu mitupu." Akaenda zake na kikapu, kachafuka vifundo tu.

Halafu ile harufu. Wageni huziba pua, husema yai viza. Wamepatia: ni gesi ileile. Chimba kidole kimoja tu chini, hewa hakuna, na bakteria waishio humo hupumua kwa chumvi za salfa zilizomo katika maji ya bahari, wakatoa uvundo huo. Pasipo hewa, kuoza nako huwa kwa kujikongoja. Jani la mkoko au mchu likidondoka, kaa hulikokota shimoni, na sehemu yake hubaki humo miaka na miaka. Kwa hiyo kaboni nyingi ya msitu wa mikoko haimo kwenye miti inayopigwa picha, imo chini, kwa huyu bahili anayenuka. Ule uvundo ndio risiti.

Na ubahili huo unalipa. Tangu 2013 wanavijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni iliyohifadhiwa. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule. Nitajie ufuo mweupe uliowahi kumchotea mtu ndoo ya maji. Akina mama wa Gazi nao walijenga njia ya mbao katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kiingilio ili apite bila kulikanyaga tope. Mfalme gani mwingine hupokea ushuru kwa wanaomkwepa?

Jikoni sitakaa sana, maana njaa itaniharibia hoja. Kamba wachanga hujificha topeni wasiliwe, kaa huchimba humo, chaza hung'ang'ania mizizi juu yake. Anayekunja uso akipita kando ya mikoko, kisha akaagiza kaa wa kupaka, ajue amelipia tope lililoungwa nazi.

Ila mheshimiwa ana kosa moja: hachambui. Anavyolipokea jani ndivyo anavyoipokea chupa ya soda, nepi na wavu uliochanika. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini tope halisomi gazeti la serikali. Ya zamani bado linaifumbata. Mchu hupumua kwa vijiti vinavyochomoza topeni kama kalamu zilizosimamishwa, na plastiki ikivifunika, mti hukosa pumzi. Jani likikaa topeni ni akiba. Plastiki ikikaa ni deni, na wadaiwa ni sisi.

Nami nimo kwenye daftari hilo. Kandambili yangu ya kushoto, ya buluu, mkanda umekaza bado, imelala Gazi. Haitaoza. Ukishuka huko maji yakipwa ukaiona, itoe, tafadhali. Ya kulia ninayo.