Mtumishi Asiyedai Posho

Saa kumi na moja alfajiri, mwezi Juni, Sumbawanga nzima imejikunja chini ya blanketi mbili. Huku juu Ufipa tuko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya hapa haina utani. Walinzi wamezama makotini, majogoo wanasitasita, na ofisi zitafunguliwa saa moja na nusu ili wenye ofisi wafike saa nne. Lakini chini ya nyumba yangu, ndani ya stoo, mtumishi mmoja yuko kazini. Anapanda ukuta milimita kwa milimita, bila ngazi, bila taa, bila kuulizia chai. Jina lake ni unyevu. Nimeona si haki aendelee kutukanwa wakati watu wasiofikia hata nusu ya sifa zake wanapewa vyeti vya mfanyakazi bora kila Mei Mosi.

Tulifahamiana hivi. Kiwanja changu kiko kwenye mteremko, upande unaoshuka kutoka milima ya Mbizi. Fundi alikitazama, akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwalimu, usihangaike kujaza kifusi hapa. Tuchimbe, stoo ikae chini, nyumba juu. Ndivyo wanavyojenga wenye akili." Nikapenda kuhesabiwa miongoni mwa wenye akili. Tukachimba Agosti 2019, ardhi ikiwa kavu inalia chini ya sururu. Kuta tatu za stoo zikaegemewa na udongo wa mlima, wa nne ukawekwa mlango. Novemba mvua zikaanza, na mtumishi akaripoti kazini bila barua ya uteuzi.

Sifa yake ya kwanza ni bidii, na hapa mniruhusu nikae, maana ndiyo inayozaa nyingine zote. Watu hudhani zege ni jiwe. Si jiwe. Saruji ikikauka huacha vinyweleo vingi visivyoonekana kwa macho, na maji huvipanda kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi. Hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku, ya mkono mmoja. Mvua zikikolea, udongo wa nyuma ukashiba, anaongeza mkono wa pili: maji yaliyosimama kimo cha mita 2 nyuma ya ukuta huusukuma, pale chini, kwa uzito wa karibu tani 2 kwa kila mita moja ya mraba. Tani 2! Na katika miaka yote hii hajawahi kuomba saidia fundi.

Hajawahi pia kuomba nauli. Hajaenda semina Morogoro akarudi na begi la nembo. Hasaini daftari la mahudhurio kisha akatokomea sokoni kununua dagaa. Saba Saba yupo, Nane Nane yupo, Krismasi wakati sisi tunakula pilau yeye yupo nyuma ya kabati. Aprili mvua zinapokatika ungedhani atachukua likizo. Wapi, anaishi kwa akiba iliyomo kwenye udongo mpaka Julai. Na taarifa zake! Maji yakipita ukutani hubeba chumvi za udongo na za saruji yenyewe. Yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki, inakuwa fuwele nyeupe, inasukuma rangi na plasta mpaka vinabanduka kama maganda ya kitunguu. Kila mwaka anaacha mstari. Wa 2020 uko usawa wa kifundo cha mguu. Wa 2021 umefika gotini. Wa 2023 unaigusa swichi ya taa. Niambie ni ofisi gani unayoijua yenye kumbukumbu za miaka mfululizo, zisizopotea, zisizosubiri mwenye ufunguo arudi msibani.

Sifa zake nyingine nitazipitia haraka. Ni msanii: ukuta wa kushoto amechora Ziwa Tanganyika, refu na jembamba, na kuna doa ambalo mke wangu anaapa ni Kasanga. Ni mkarimu, amewapokea konokono na chura mmoja ambaye sasa tunamchukulia kama mpangaji. Anasaidia pia nidhamu ya ukoo. Kitanda cha wageni kiko stoo, na tangu hapo wageni waliokuja kwa wiki tatu hukumbuka siku ya nne kwamba wana shughuli kwao.

Na ni mwanakilimo. Wafipa wa zamani walimjua, wakampa kazi inayomfaa: walifukia majani ndani ya yale matuta ya duara, ntumba, akayaozesha taratibu yakawa mbolea ya msimu unaofuata. Mimi kwa kutojua nikampa magunia nane ya mahindi.

Mnunuzi alikuja na vijana wake. Akachoma bambo kwenye gunia la kwanza, akamimina punje kwenye kipimo, akanitazama. Kiwango cha mahindi Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yangu yalisoma 17. "Mwalimu," akasema, "haya umeyavuna au umeyavua?" Vijana wakacheka mpaka wakashikilia gari. Magunia matatu ya chini yalikuwa na ukungu wa kijani, na tangu tulipoanza kusikia habari za sumukuvu, hata kuku huwezi kumpa ukalala kwa amani. Nilikwenda kuyafukia mwenyewe, usiku, ili majirani wasione. Msimu mzima wa jembe. Hapo, nakiri, sifa ziliniishia mdomoni.

Nikamwita fundi. Alishuka stoo, akagonga ukuta kwa kidole, akanusa, akanyamaza kama daktari mwenye habari mbaya. Halafu akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hapa pana mkono wa mtu." Tuko katika mji ambao jina lake, kama wengi wanavyolifasiri, ni agizo la kutupa uchawi, na bado nilimsikiliza. Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba alikuwa amesema kweli tupu. Palikuwa na mkono wa mtu. Mkono wenyewe ulikuwa wake.

Nilifanya jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya: nilikata kipande cha nailoni, nikakibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, nikakiacha siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumba, ni mvuke wa hewa, fungua dirisha. Yakitokea nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani. Yalitokea nyuma, mengi. Maana yake ukuta haukupakwa lami kwa nje, wala haukuvishwa nailoni kabla ya udongo kurudishwa, wala hapakulazwa bomba lenye matundu kwenye kokoto ili maji yapate njia ya kupita pembeni. Gata nalo hakuna. Paa langu lina mita za mraba 100, kwa hiyo mvua ya milimita 30 inamwaga lita 3,000 hapo hapo nyuma ya ukuta.

Lakini nailoni niliinunua. Risiti ninayo, mtumishi wangu bado hajaifikia. Niliiona Mei iliyopita nilipokwenda kwa fundi kudai maelezo: imetandikwa uani kwake na kukunjwa juu ya lundo la mahindi, safi, haina tundu. Nikaingiza mkono chini. Mahindi yalikuwa makavu yanalia kama kokoto. Sijawahi kuona nailoni inayofanya kazi vizuri namna ile. "Ile ilibaki, Mwalimu," akasema. Ilibaki! Ingebakije wakati haikuanza?

Na si yeye peke yake. Kibali changu kinasema wazi kwamba msingi ukaguliwe kabla haujafukiwa. Mkaguzi alikuja. Gari likasimama juu barabarani, akashusha kioo, akatazama shimo kwa mbali kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi. "Msingi upo?" Fundi akajibu, "Upo, mkuu." Akasaini juu ya usukani. Nikachangia mafuta. Na mimi, ndugu msomaji, nilifurahi, maana jirani aliniambia kwamba wakaguzi wanaoshuka garini ndio wasumbufu.

Kwa hiyo katika ujenzi mzima, aliyeukagua msingi kweli, akapita kila kiungo cha bloku na kuandika kila kasoro aliyoikuta, ni huyu ninayemsifu. Sisi wengine jibu letu ni rangi. Stoo nimeipaka mara tatu: nyeupe, krimu, halafu ile wanayoiuza kwa jina la kuzuia maji, nayo ikavimba malengelenge baada ya miezi miwili, kwa sababu anayesukuma yuko nyuma yake. Si mimi peke yangu. Nenda kwenye jengo lolote la umma wiki moja kabla ya mgeni mkubwa kufika kuzindua: ngazi, ndoo, vijana wanapaka mpaka usiku. Mgeni anakata utepe, anasifu ubora, anaondoka rangi ikiwa bado inanuka. Mtumishi wetu anasubiri msafara upite Laela, kisha anaendelea na zamu.

Dawa ninaijua. Ni kufukua upande wa nyuma wote na kuanza upya kwa nje, na juu ya udongo ule nimeshajenga jiko na choo. Nimepiga hesabu, nimefunga daftari.

Mkaguzi amepandishwa cheo na kuhamishwa. Fundi ana kazi mpya, viwanja vitatu juu ya changu, kwenye mteremko ule ule, nyumba yenye stoo chini. Jana nimepita pale. Shimo bado liko wazi, kuta zimefika kiunoni, na matoroli ya udongo yameshaanza kurudishwa. Nailoni sijaiona.