Nasaha za Mzee wa Kanyenye: Nyumba Juu ya Lori la Vita

«Mzee wangu, shikamoo. Nimenunua mnadani lori la jeshi lililochakaa, Bedford la kuvuta kwa magurudumu yote manne, nami nataka kuligeuza nyumba ya safari, tutembee nchi mimi, mke wangu na watoto wetu wanne. Fundi ananiambia hivi, shemeji yangu ananiambia vile, na mke wangu amesema hapandi. Nifanyeje? Mwenye Lori, Kanyenye.»

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa busara iliyokuongoza kuniandikia mimi kabla hujamtii fundi wala shemeji. Maana fundi anajua vyuma, na shemeji anajua kusema, lakini mtu ajuaye safari katika mji huu wa Tabora, kutoka Kanyenye hata Isevya na kutoka Gongoni hata Ng'ambo, ni mmoja tu, ambaye staha inanizuia kumtaja.

Yamkini umehamia mtaani juzi, nawe hujapata habari kwamba babu wa babu yangu alikuwa kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara na bendera mkononi, ngoma ikimfuata nyuma, asimruhusu mpagazi hata mmoja kumpita. Msafiri Mwingereza Burton alipoingia Kaze, mahali uliposimama mji wetu leo, tarehe 7 Novemba 1857, akakirimiwa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir kwa ukarimu ambao hakusita kuuandika, alikuwa ametumia siku 134 tangu pwani. Stanley, msafiri aliyemfuata mwaka 1871, alitumia siku 84. Siku hizo 50 zilizopungua wanachuoni huzieleza kwa sababu nyingi, za mvua, za hongo na za maradhi. Aila yetu huzieleza kwa sababu moja, nayo ni kirangozi. Hati ya kulithibitisha jambo hili haipo, kwa kuwa wazee wetu walikuwa na kazi ya kutembea, si ya kuandika, na asiyesadiki ana hiari ya kwenda Bagamoyo kwa miguu akahesabu mwenyewe.

Nayasema haya si kwa kujikweza, jambo nisilolipenda abadan, bali kwa kuwa ndani yake limo jibu la swali lako, ikiwa utakuwa na subira ya kulitafuta. Msafara ulikuwa nyumba iliyotembea: hema, kitanda, sufuria, sanduku la dawa, shanga na nguo za kununulia chakula njiani, vyote vilikwenda vichwani na mabegani mwa Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja aghalabu ulikuwa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mpagazi alijua uzito wa kila kitu kwa shingo yake. Lori lako halina shingo wala ulimi wa kulalamika, na kwa hiyo utalipakia kila kitakachokupendeza dukani. Pima kwanza! Lita moja ya maji ni kilo moja. Pipa la lita 200 ni mizigo ya wapagazi sita na ushei, nawe, kwa jinsi ninavyousoma mwandiko wako, umekwisha kuazimia kulipandisha darini ili maji yateremke bombani yenyewe. Usithubutu. Maji, betri, akiba ya mafuta na sanduku la spana vikae chini, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na darini visipande ila magodoro na nguo; kwa maana lori la jeshi limenyanyuliwa juu ya ardhi makusudi lipite mitaroni, na nyumba nzito kichwani italala ubavu kabla hujafika Sikonge.

Sasa tufike penye kiini cha mambo, ambapo fundi wako, naapa, hajafika. Bedford la jeshi, liwe ni RL lililoundwa Uingereza tangu 1953 hata 1969, au MK lililolifuata katika miaka ya 1970, limejengwa juu ya boriti mbili ndefu za chuma ambazo, gurudumu moja likipanda jabali na jingine likitumbukia shimoni, hujipinda kama kiuno cha mcheza ngoma. Na kujipinda huko si ila, bali ndiyo hikima yake, kwani ndiko kunakoyawezesha magurudumu yote manne kuendelea kushika ardhi. Sanduku la nyumba halina kiuno. Fundi akilikaza kwa bolti katika kila pembe, mmojawapo sharti ashindwe: ama kuta zitapasuka na milango itagoma, ama boriti zenyewe zitaingia ufa. Dawa yake ni kulikalisha sanduku juu ya fremu yake lenyewe, na fremu hiyo iishike chasisi mahali patatu tu, pawili upande mmoja na pamoja katikati ya upande wa pili, juu ya pini iiachayo chasisi ipinde chini huku nyumba ikitulia juu. Wajerumani waundao Unimog waliifuata kanuni hii. Na wako watumiao springi nzito mahali pa pini, nao nyumba zao hazipasuki.

Ukitaka kujua kama kazi imefanywa ilivyo haki, mlipe fundi nusu ya ujira, kisha lipandishe gurudumu moja la mbele juu ya kichuguu, ambavyo Mola ametujalia vingi kuliko taa za barabarani, na uujaribu mlango wa nyumba. Ukifunguka kwa kidole, mpe nusu iliyobaki. Ukigoma, na bahati njema fundi yumo ndani, usifanye haraka ya kumtoa. Hilo ni jaribio lijulikanalo na mafundi wa dunia nzima. Langu mimi, lililo bora zaidi, ambalo nimewaandikia wakubwa kadha wa kadha nao wakaniheshimu kwa kutonijibu, ni jaribio la uji: bakuli lililojaa pomoni liwekwe mezani ndani ya lori, mama mkwe aketi mbele yake na kanga mpya, na gari liende Kwihara, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ambalo sasa ni makumbusho, kisha lirejee. Uji ukimwagika, springi ni ngumu. Usipomwagika, mama mkwe ameunywa, na hiyo nayo ni taarifa.

Shemeji yako, bila shaka, amesema kwamba chombo cha vita hakifai kuchukua ahali. Mwulize kama amepata kufika Kigoma. Meli ya Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapita hapa hapa kwetu kwa reli, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Huko ziwani ikaungwa tena, ikavikwa mizinga, na Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka injini grisi nzito, na Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 waliyaona matunda ya grisi ile. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikachukua akina mama, watoto, dagaa na mananasi katika ziwa Tanganyika kwa miaka inayozidi umri wako na wa shemeji yako ukijumlishwa. Katika aila yetu ipo riwaya kwamba shauri la grisi lilitolewa na mmoja wa wazee wetu, aliyepita Kigoma kununua chumvi ya Uvinza, na kwamba ujira wake haujalipwa hata leo. Silitilii mkazo jambo hili, ila ubalozi unaohusika unajua pa kunipata.

Kwa hiyo nawe, lori lililolala bohari la jeshi miaka na miaka usiliwashe kwa pupa. Mwaga oili ya injini, ya giaboksi na ya difu zote mbili, utie mpya. Fungua breki uzitazame mpira kwa mpira. Na matairi yasikuhadae kwa kina cha meno yake, maana tairi huzeeka hata likiwa limesimama, na umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Ukikuta tarakimu tatu tu, jua kwamba lilizaliwa kabla ya mwaka 2000, ulifanye bembea ya watoto.

Wala usilewe kwa habari ya Liemba ukadhani kila chuma cha vita hutubu. Nenda Urambo, mwendo mfupi tu kwa lami, ukawaulize wazee habari za Mradi wa Karanga. Mwaka 1947 Waingereza waliazimia kuyageuza mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kuwa mashamba ya karanga, na kwa kuwa matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita, wakanunua mitambo chakavu ya jeshi hata kutoka Ufilipino, na kampuni ya Vickers ikavivua vifaru vya Sherman mizinga yake ikavifanya matrekta yaliyoitwa Shervick. Mitambo ile ikaharibika upesi kuliko ilivyotengenezwa, vipuri vikakosekana, ardhi ya kiangazi ikakataa, na mwaka 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamekwisha kuzikwa. Lau wangekuja Kanyenye kuuliza! Ningewaambia, ingawa nilikuwa sijazaliwa, neno hili ninalokuambia wewe: anayenunua lori moja la mnada hana lori, nunua na la pili, bovu, la kutolea vipuri, uliweke nyuma ya nyumba na umwambie mkeo kwamba ni banda la kuku.

Umeme nitaupitia mbio, kwa sababu haunipendi nami siupendi. Malori mengi ya jeshi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa. Nawe usichume volti 12 za redio na friji kwenye betri moja peke yake, kwa maana hiyo itadhoofika na mwenzake atachajiwa kupita kiasi, zife zote mbili. Kiko kifaa cha kushusha volti. Kinunue, tuendelee.

Ama nyumba yenyewe, najua utataka mbao za mninga, kwani nani wa Tabora asiyeutaka mninga, mti mzuri ambao mchwa hauwezi? Weka mninga kizingitini ili wageni wauone, na penginepo tumia mbao nyepesi. Kati ya bati la nje na mbao za ndani tia tabaka la kuzuia joto, toboa dirisha chini na jingine darini ili hewa ya moto ipande itoke, la sivyo mwezi wa Oktoba utawaoka wanao. Kimo chake kipimwe kwa miembe: ile iliyopandwa na watu wa misafara haikupandwa kwa ajili ya Bedford, na tawi moja litakung'olea dari, ingawa kwa msimu wa embe dirisha la juu lina manufaa ambayo sitayaeleza gazetini. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani abadan, kwani moshi wake mbaya kuliko yote ndio usioonekana wala kunuka. Na mtungi wa gesi ukae katika kabati lenye tundu sakafuni, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa nayo hutambaa chini ikitafuta cheche. Waingereza wa Encounter Overland, waliowapitisha vijana Afrika nzima kwa Bedford za aina hii hii, walipikia nje, ubavuni mwa lori, na wakalala katika mahema. Sikumbuki kama walinishukuru.

Rangi ya kijani ya jeshi iondolewe yote kabla hujatoka nje ya uzio, na kadi ya gari iandikwe rangi mpya na umbo jipya, usije ukapigiwa saluti na mtu mmoja na pingu na wa pili. Shemeji yako amekushauri buluu. Nilijua. Mbung'o wa mapori yetu hupenda kitu kikubwa kinachotembea, na katika rangi zote hupenda buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi wewe na aila yako mtakuwa mtego wa kwanza wenye leseni ya gari kubwa. Paka rangi ya maziwa. Na kwa wezi, tundika mizinga miwili ya nyuki nyuma ya lori, asali ya Tabora ikufuate kila uendako. Nyuki wenyewe wakikataa safari, tundika mizinga mitupu, mwizi hatagonga kuuliza.

Ninalo bado la kusema juu ya kirangozi na namna alivyochagua mahali pa kulala, na ni refu, na ni zuri, lakini mhariri ananiashiria kwamba safu imejaa, kama kwamba ni mimi niliyeuliza maswali. Basi upesi, kuhusu mkeo: hujaniambia kwa nini hapandi, na natumai umemwuliza. Mpe yeye aamue choo kikae wapi na jiko liwe la namna gani, mlale ndani usiku mmoja lori likiwa uani, kisha mpeleke akapate leseni ya gari kubwa aendeshe yeye. Shemeji akae nyuma na uji.

Bwana wa Ipuli aliyeuliza habari za mbuzi wake anayekula vitabu vya shule: mwuze.